Mtandaoni kwa mkono wa mwingine

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha watu wazima kutumia simu janja na kompyuta, na kuwashauri wanaotengeneza huduma za mtandaoni. Siku hizi mwanafunzi mpya simuulizi kama anatumia intaneti. Karibu kila mmoja hujibu ndiyo, wala hadanganyi. Namuuliza hivi: namba yako ya siri anaijua nani mwingine? Hapo ndipo mambo hutoka. Mmoja atasema kijana wake. Mwingine atasema yule jamaa aliyemfungulia akaunti. Yupo aliyecheka sana, kisha akakiri kwamba asiyeijua ni yeye mwenyewe.

Kwa hesabu rasmi wote hao wanaweza kuingizwa kwenye kundi la walioko mtandaoni. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, humhesabu kuwa mtumiaji mtu yeyote aliyetumia intaneti, popote alipo, ndani ya miezi 3 iliyopita. Kwa kipimo hicho ITU ilikadiria mwaka 2024 kwamba watumiaji walifika takriban bilioni 5.5, na bilioni 2.6 wakabaki nje. Kipimo kina kazi yake, silaumu. Lakini hakiulizi kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani.

Zamani tuliamini minara ikisimama kila mahali, mchezo umekwisha. Takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, zinaonyesha kwamba kufikia mwisho wa 2023 ni kama asilimia 4 tu ya watu walioishi mahali pasipo na intaneti ya simu. Waliokuwa ndani ya eneo lenye mtandao na bado hawautumii walikuwa asilimia 39. Bei ya kifaa ni sababu kubwa, na ujuzi unafuata unyounyo. Mimi naongeza kundi la tatu ambalo halina safu yake kwenye jedwali: wanaotumia kwa mkono wa mtu mwingine. Nikiulizwa kuhusu kesho ya ujumuishi wa kidijitali, hilo ndilo kundi ninaloliangalia, kwa sababu linakua kila huduma inapohamia mtandaoni.

Mama mmoja, mwenye umri wa kunizaa, alikuwa akijaza fomu ya kuomba nakala ya cheti. Kusoma anajua, tena vizuri. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, kidole kimoja kimoja, bila kosa. Fomu ikamwambia imemtumia namba ya uhakiki yenye tarakimu 6. Simu ikalia, taarifa ikachungulia juu ya skrini, ikapotea kabla hajavaa miwani. Akatoka kwenye fomu, akafungua ujumbe, akaisoma namba kwa sauti mara mbili ili aikariri. Sasa fomu iko wapi? Kutoka alijua, kurudi hakujua. Akagusa alama ya kivinjari, ukurasa ukajipakia upya, mtupu. Akaanza tena mwanzo. Safari ya pili alirudi sawasawa, ila muda wa namba ulikuwa umekwisha. Safari ya tatu akanisogezea simu: "Nifanyie tu, mwanangu."

Nikamfanyia. Dakika 2 nimemaliza, nikajiona mwema. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile nilikuwa nimemfundisha somo moja tu, kwamba fomu ni kazi ya watu wengine.

Mama yule hakupungukiwa akili wala bidii. Fomu ilidai aweke programu mbili kichwani kwa wakati mmoja, akariri tarakimu, na ashindane na saa. Hayo si mapungufu yasiyojulikana. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, yaani wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, uitwao WCAG, ulitaka tangu toleo la mwaka 2008 kwamba penye kikomo cha muda mtumiaji aweze kukiongeza, isipokuwa pale ambapo kikomo hicho ni cha lazima kweli. Toleo la 2.2, la Oktoba 2023, likasema mtu asilazimishwe kuandika upya alichokwisha kukiandika katika shughuli ileile, na kuingia kwenye akaunti kusiwe mtihani wa kumbukumbu. Kumruhusu mtu kunakili namba na kuibandika ni jambo dogo, lakini bado nakutana na fomu zinazokataa. Shirika la WebAIM hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2025 karibu asilimia 95 zilikutwa na makosa ambayo hata mashine peke yake inaweza kuyagundua, na linaloongoza ni maandishi hafifu yasiyosomeka vizuri. Kwa hiyo nikisikia kwamba "watumiaji wanahitaji elimu", huwa nauliza nani aanze kuelimishwa. Umoja wa Ulaya umeanza kutumia sheria ya ufikivu kwa huduma kama benki na mauzo ya mtandaoni tangu Juni 28, 2025. Faini inaweza kufundisha haraka kuliko semina zangu.

Semina zangu nazo zilikuwa na kasoro. Nilikuwa nagawa karatasi zenye picha za skrini na mishale myekundu: bonyeza hapa, kisha pale. Watu walizitunza kama hati za shamba. Kisha programu moja ikasasishwa usiku, kitufe kikahama kutoka juu kwenda chini, rangi ikabadilika, na asubuhi karatasi zote zikawa za kufungia vitu. Nilikuwa nimefundisha mahali pa vitufe. Sasa somo la kwanza ni kukosea: tunaingia mahali tusipopataka, makusudi, halafu tunatafuta njia ya kurudi. Aliyekwisha kupotea na kurudi mara ishirini haogopi toleo jipya.

Wapo wanaoniambia nisijisumbue, akili mnemba inakuja, mtu atasema anachotaka na mashine itatenda. Nusu nakubali. Duniani bado kuna watu wazima zaidi ya milioni 700 wasiojua kusoma na kuandika, na kwao sauti ni mlango halisi. Mashine, hata hivyo, husikia vizuri lugha ilizolishwa. Ndiyo maana mradi kama Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017 na ambao Kiswahili kimo, huomba watu wa kawaida wachangie sauti zao. Lafudhi isiyorekodiwa ina hatari ya kutosikika.

Nusu nyingine inanitia wasiwasi. Msaidizi wa sauti ni mkono mwingine tena. Anajaza, anatuma, anasema "tayari". Ametuma nini? Mtu aliyeshindwa kuikagua fomu ya kijana wake ataikaguaje ya mashine? Kwa hiyo ujuzi ninaoanza kuufundisha ni wa ukaguzi: kabla ya kutuma, mwambie akusomee alichoandika, jina kwa jina, tarakimu kwa tarakimu. Na kwa kuwa sauti ya mtu sasa inaweza kuigwa kwa kutumia rekodi fupi, tunafanya zoezi la kukata simu. Mtoto wako anapiga analia, anataka namba iliyotumwa kwako sasa hivi? Kata, kisha mpigie wewe kwa namba uliyoihifadhi. Kukata simu ya mwanao ni kugumu kuliko kitufe chochote, na watu wanahitaji kulizoea zoezi lenyewe kwanza.

Nina ubishi na wanaofunga madirisha ya huduma ya ana kwa ana ili "kuwasukuma" watu mtandaoni. Wengi wanaosukumwa huenda kutafuta mtu wa kuwafanyia, na wakifika humkabidhi namba ya siri.

Darasani nina sharti jipya: msaidizi huweka mikono mgongoni. Anaweza kusema, kuuliza, kungoja. Kugusa simu ya mtu haruhusiwi. Mimi ndiye ninayelivunja mara nyingi.

Yule mama alirudi baadaye, safari hii akitaka kubadilisha namba ya siri ambayo nusu ya ukoo ilikuwa inaijua. Akapata mahali penyewe bila kuuliza, akainua kidole, kisha akanitazama.

"Geuka huko kwanza, mwanangu."

Nikageukia ukutani. Nikasikia milio minne ya vitufe, kimya kirefu, halafu minne tena.