Je, wajua? Kipimo kimoja safi hakimtoi mgonjwa chumba cha kutengwa

Homa imeshuka, kidonda cha mguu kimekauka, na maabara imejibu kwamba safari hii bakteria sugu hawakuonekana. Bado mgonjwa yuko peke yake, na muuguzi bado anaingia na glovu na gauni. Ndugu waliotoka Ujiji na chungu cha migebuka wanauliza: kwani si amepona?

Amepona, ndiyo. Ila hakutengwa kwa sababu ya kuumwa. Wengi hudhani bakteria sugu ni wakali kuliko wenzao, kumbe usugu maana yake ni kwamba dawa fulani haziwaui, basi. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hukaa puani mwa takriban mtu 1 kati ya 3, wazima kabisa. Aina yake sugu, MRSA, iliyotambuliwa Uingereza mwaka 1961, hukaa hivyo hivyo: haiwashi, haiumi, lakini inaweza kupitia mikononi hadi kwenye kidonda cha jirani. Ndiyo maana kijiti cha pamba huingizwa puani hata kama tatizo liko mguuni. Bakteria sugu wa tumboni hutafutwa kwenye njia ya haja kubwa, na hapo mgonjwa huomba maelezo zaidi.

Sasa, kile kipimo safi. Wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, huvua dagaa usiku wa giza, taa ikiwakusanya juu. Mbalamwezi ikiangaza, taa haiwavuti tena. Aliyekosa usiku huo hasemi ziwa limeisha dagaa. Antibayotiki hufanya kazi ya mbalamwezi: mgonjwa akiwa bado anaitumia, bakteria hupungua hadi kijiti kiwakose, ilhali wamo.

Kwa hiyo dawa iishe kwanza, ndipo apimwe. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2018 unapendekeza kwa MRSA majibu safi 1 hadi 3. Kwa bakteria wa tumboni wanaohimili hata karbapenemu, antibayotiki kali za akiba, ipite angalau miezi 6 tangu kipimo cha mwisho kilichowaonyesha, kisha majibu safi 2 yaliyopishana wiki 1 au zaidi. Ushahidi wa namba hizi ni mwembamba. Nyingi ni makubaliano ya wataalamu.

Miezi 6 hiyo hailali mtu wodini. Anaruhusiwa, anakula na wanawe, ananawa mikono kwa sabuni, na alama inabaki kwenye faili. Akipewa antibayotiki tena kwa ugonjwa mwingine, dawa huua bakteria wa kawaida na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaliana, hivyo majibu safi ya zamani hayatoshi kumpitisha.