Ripoti ya HTML ya majaribio ya JavaScript: maana yake na inavyotengenezwa

Ukiendesha majaribio ya programu yako kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, matokeo hutiririka mbele ya macho yako: tiki za kijani, namba nyekundu, kisha mistari mirefu ya hitilafu. Wewe unaelewa, kwa sababu umebadilisha msimbo dakika chache zilizopita na unajua ulichogusa. Mwenzako atakayeipokea kazi hiyo kesho hajui, na terminali ile itakuwa imeshafungwa. Ripoti ya HTML ni matokeo yale yale yaliyowekwa kwenye ukurasa unaofunguka kwa kivinjari, ili yasomwe na mtu ambaye hakuwepo majaribio yalipoendeshwa.

Natilia mkazo neno *yasomwe*. Kuzalisha ukurasa ni kazi ya amri moja. Kuzalisha ukurasa utakaomwezesha mtu kujua kilichoharibika bila kukupigia simu, hapo ndipo penye kazi.

Kwanza tuone unatoka wapi. Zana ya majaribio huwa na pande mbili. Kiendeshi huendesha majaribio na kutangaza kila tukio: hili limeanza, hili limefaulu, hili limefeli, hili limerukwa, yote yamekwisha. Upande wa pili ni ripota, ambayo husikiliza matangazo hayo na kuamua yaonekaneje. Ukibadilisha ripota, majaribio yanabaki yale yale. Kinachobadilika ni namna ya kusimulia. Mocha, zana ya majaribio ya JavaScript iliyoanza mwaka 2011, huja na ripota kadhaa: `spec` huorodhesha majaribio kwa majina, `dot` huchapa nukta kwa kila jaribio, `json` hutoa data tupu kwa muundo wa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Ipo pia iitwayo `html`, na wengi hujikwaa hapo, kwa sababu hiyo hufanya kazi majaribio yanapoendeshwa ndani ya kivinjari tu. Ukitaka ukurasa kutoka terminali, unaongeza ripota ya nje kama Mochawesome:

`npx mocha --reporter mochawesome`

Amri hiyo huacha folda iitwayo `mochawesome-report`, na ndani yake utakuta faili la JSON na faili la HTML. Usilifute la JSON ukidhani ni takataka. Hilo ndilo lenye matokeo. La HTML ni matokeo hayo yaliyovalishwa nguo. Mpangilio huu wa data kwanza, ukurasa baadaye, ndio ninaoupendekeza kwa yeyote, hata anayejiandikia ripota yake. Ukurasa ukitoka vibaya unautengeneza upya kwa sekunde, wala huhitaji kurudia majaribio yaliyochukua nusu saa.

Umuhimu wa mpangilio huo huonekana zaidi kazi inapogawanywa. Cypress, zana inayojaribu kurasa ndani ya kivinjari, huendesha kila faili la majaribio peke yake, kwa hiyo ukitumia Mochawesome humo unapata ripoti moja kwa kila faili. Usipokuwa mwangalifu, ya mwisho hufuta zilizotangulia, na unabaki na ukurasa wa kijani unaozungumzia faili moja kati ya ishirini. Dawa yake ni kuzuia ufutaji huo kwenye mipangilio, kukusanya faili zote za JSON, kuziunganisha kwa `mochawesome-merge`, kisha ndipo utengeneze HTML moja. Playwright, zana nyingine ya aina hiyo, nayo, majaribio yakigawanywa kwenye mashine kadhaa, huhifadhi ripoti za kati za aina ya `blob`, halafu `npx playwright merge-reports --reporter html` inazifanya kuwa moja. Kiendeshi kilichomo ndani ya Node yenyewe (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari), kilichotangazwa kuwa imara katika toleo la 20 mwaka 2023, hakina ripota ya HTML. Kinaweza kutoa matokeo kwa mtindo wa `junit`, yaani XML ambayo zana nyingi huielewa, na kutoka hapo unatengeneza ukurasa.

Sasa, ndani ya ukurasa kuna nini? Juu kabisa huwa kuna hesabu: mangapi yamefaulu, mangapi yamefeli, mangapi yamerukwa, muda uliotumika. Hizo ni za kutazama tu. Thamani ya ripoti iko kwenye jaribio moja lililofeli, na jinsi linavyoelezwa. Chukua mfano huu. Programu inajumlisha alama za mizunguko miwili, 1000 na 500. Ripoti mbovu itaandika: "Jaribio la 14 limefeli." Ripoti nzuri itaandika hivi:

*Jumla ya alama › inajumlisha mizunguko miwili*
Ilitarajiwa: `1500`
Imepatikana: `"1000500"`

Mtu anayeijua JavaScript hahitaji maelezo zaidi. Alama za nukuu zimeshasema kwamba thamani ni maandishi, si namba, na tarakimu zilizounganishwa zinaonyesha kwamba `+` imebandika badala ya kujumlisha. Huenda namba zilitoka kwenye fomu bila kubadilishwa. Tatizo limejulikana kabla ya kufungua faili hata moja la msimbo. Lakini angalia kilichowezesha hayo: jina la jaribio lililoandikwa kama sentensi, na thamani mbili zilizohifadhiwa zilivyo, pamoja na nukuu zake. Ripota haiwezi kulitengeneza jina ambalo mwandishi wa jaribio hakulipa maana.

Nimewahi kuandika ripota yangu mwenyewe, na siku moja ukurasa ukaniambia: ilitarajiwa *Karibu*, imepatikana *Karibu*. Nilitumia muda mrefu kuyakodolea macho maneno mawili yanayofanana. Ukweli ni kwamba jaribio lilitarajia `<p>Karibu</p>` na kupata `<b>Karibu</b>`. Kivinjari kilizichukua tagi hizo kama sehemu ya ukurasa, kikazitekeleza na kuzificha. Ndiyo maana kila maandishi yanayotoka kwenye matokeo lazima yasafishwe kwanza: `<` igeuzwe `&lt;`, na `&` igeuzwe `&amp;`. Hali kadhalika misimbo ya rangi ya terminali. Isipoondolewa, ujumbe wa hitilafu utajaa vipande kama `[31m` katikati ya maneno.

Kwa majaribio yanayoendesha kivinjari, picha ya skrini ya wakati wa kufeli huokoa muda kuliko maelezo yoyote. Unaona kitufe kimefunikwa na tangazo, umemaliza. Playwright huweza kuambatisha pia video na rekodi ya kila hatua. Rekodi hiyo haifunguki ukilibofya faili la ripoti moja kwa moja kutoka kwenye folda. Inahitaji ukurasa utolewe na seva, na ndiyo kazi ya `npx playwright show-report`.

Ripoti ya ufunikaji wa msimbo, kama ile inayotengenezwa na zana iitwayo Istanbul, nayo ni HTML yenye kijani na nyekundu, na watu huichanganya na hii. Ile inaonyesha mistari ipi ya msimbo ilipitiwa majaribio yalipoendeshwa. Mstari unaweza kupitiwa na bado ukatoa jibu lisilo sahihi.

Majaribio yanapoendeshwa na seva kila msimbo unapobadilika, kuna mtego mmoja. Jaribio likifeli, amri hurudisha namba isiyo sifuri, na seva husitisha hatua zinazofuata, ikiwemo ile ya kuhifadhi ripoti. Matokeo yake ni kwamba unakuwa na ripoti siku zote isipokuwa siku unayoihitaji. Kwenye GitHub Actions, huduma inayoendesha majaribio kwa namna hiyo, hatua ya kuhifadhi iwekewe `if: always()` ili iendeshwe hata jaribio likifeli. Faili zilizohifadhiwa hukaa siku 90 usipobadilisha mipangilio.

Na kabla hujaiweka ripoti hiyo mahali pa wazi, ifungue uisome kama mgeni. Picha za skrini na rekodi za maombi ya mtandao hubeba kila kilichokuwepo wakati huo: barua pepe za watumiaji, tokeni za kuingilia, wakati mwingine nenosiri lililoandikwa waziwazi kwenye kisanduku. Tumia akaunti za majaribio tu, na tokeni ikishaonekana kwenye ripoti iliyosambazwa, ibatilishe siku hiyo hiyo.