Ubinafsi usio wa lumbesa: dhana potofu kuhusu falsafa ya Ayn Rand

Jumamosi jioni tunakutana watu saba wanane Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, tujadili falsafa. Mgeni akisikia tunasoma Objektivizimu, falsafa ya mwandishi wa kike Ayn Rand, inayomtaka mtu aongozwe na akili yake na aishi kwa ajili ya maisha yake, huwa ana hukumu tayari. Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi.

"Inafundisha kudhulumu." Hii ndiyo kubwa, na chanzo chake ni neno. Kwetu mbinafsi ni yule anayekula peke yake wenzake wakitazama. Rand alilijua tatizo hilo. Mwaka 1964 alitoa kitabu, The Virtue of Selfishness, kinachouita ubinafsi fadhila, na katika utangulizi akasema analitumia neno hilo makusudi, kwa maana ya mtu kujali masilahi yake. Kisha akaweka sharti: usijitoe kafara kwa ajili ya mwenzako, wala usimtoe mwenzako kafara kwa ajili yako. Watu wapeane thamani kwa thamani, kwa hiari.

Twende sokoni Kibaigwa. Mnunuzi anamtaka mkulima ajaze gunia la mahindi mpaka mdomoni, juu yake kinaongezwa kilemba kinachoshonwa kwa kamba, halafu analipa bei ya gunia moja. Ndiyo lumbesa. Wengi wangesema huyo mnunuzi ndiye mbinafsi wa Rand. Sivyo! Mkulima asiye na mizani hajui ametoa kilo ngapi, na Rand aliuhesabu udanganyifu kuwa aina ya mabavu. Anayepima mbele ya macho ya mkulima, wakapatana bei ya kilo, kila mmoja akaondoka na alichokitaka, huyo ndiye mtu wake.

"Kusaidia ni marufuku." Hapana. Rand alitoa mfano wa mume anayetumia mali nyingi kumtibu mke anayempenda: hajajitoa kafara, kwa sababu uhai wa mkewe ni furaha yake mwenyewe. Mfugaji wa Kigogo anayeuza ng'ombe ili mkewe atibiwe angemwelewa bila kufafanuliwa. Alichokataa ni kwamba shida ya mtu yeyote iwe deni lako. Hapo mimi bado nasita. Hata hivyo nilianza kujiuliza kama mchango wa msiba nautoa kwa upendo au kwa kuogopa maneno ya watu, na tangu hapo kuna michango niliyoiacha, na kuna misiba ambako sasa nakwenda kulala matanga.

"Kila mtu ana ukweli wake." Kinyume kabisa. Kwa Rand, mambo yako kama yalivyo, tupende tusipende, na akili ndiyo njia yetu ya kuyajua. Mvua za Dodoma ni haba. Anayechagua mtama kwa kuwa ameujua udongo wake na mvua yake anaitumia akili hiyo.

"Haitaki serikali wala ushirika." Serikali aliitaka: polisi, jeshi na mahakama, vya kulinda haki za kila mmoja. Vikoba mlivyojiunga kwa ridhaa havina kosa lolote. Suala ni hiari, na wazee wa hapa walioishuhudia Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, hulielewa suala hilo upesi kuliko sisi vijana.

"Ni falsafa ya waliozaliwa Marekani na mali zao." Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905. Baba yake alikuwa mfamasia, na baada ya mapinduzi ya 1917 duka lake la dawa lilitaifishwa. Binti alifika Marekani mwaka 1926.

Kuna moja linalosemwa ambalo ni kweli tupu: Rand hakuamini Mungu, na hakuikubali imani kama njia ya kujua jambo. Kwetu wapo wanaosali Ijumaa na wanaosali Jumapili, kwa hiyo tunalisema siku ya kwanza. Dada mmoja alipolisikia alifunga daftari akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi na maswali manne, na lile la kwanza tulilijadili mpaka usiku, tukaagana hatujalimaliza.