Wanafunzi wa vyuo vikuu, kampuni na uendelevu: dhana potofu na ukweli wake

Kampuni kuweka tatizo lake la kweli mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu si jambo la jana wala juzi. Chuo cha Harvey Mudd cha Marekani kilianza mwaka 1963 kuwapa wanafunzi wa uhandisi kazi zilizoletwa na kampuni, na Chuo Kikuu cha Aalborg cha Denmark, kilichoanzishwa mwaka 1974, kiliujenga ufundishaji wake juu ya miradi na matatizo halisi. Kilichobadilika ni aina ya matatizo yenyewe. Tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, la mwisho kati yake likiwa ni la ubia, maswali yanayohusu nishati, maji, taka na gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) yamepata nafasi kubwa zaidi katika miradi hiyo. Pamoja nayo zimeenea imani kadhaa zinazoidhoofisha kazi kabla haijaanza. Baadhi zinawadharau wanafunzi na baadhi zinawakweza kupita kiasi, na zote zinastahili kusahihishwa kwa sababu muda wa vijana hawa, na tatizo wanalopewa, ni vitu vya thamani mno kupotezwa.

Dhana: Kampuni huwahitaji wanafunzi kwa ajili ya mawazo mapya

Hii ndiyo imani iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayozaa mashindano ya siku mbili ambamo wanafunzi huombwa kubuni suluhisho la tatizo ambalo hawajawahi kuliona kwa macho. Ukweli ni kwamba mawazo hayapungui kiwandani. Mhandisi amejua kwa miaka mingi kwamba pampu iliyofungwa ni kubwa kuliko inavyohitajika, na fundi wa zamu anajua ni bomba lipi linalovuja. Anayekosekana ni mtu mwenye nafasi ya kupima, kuandika na kuugeuza ujuzi huo kuwa takwimu ambazo meneja wa fedha hawezi kuzipuuza.

Tuangalie hewa iliyoshindiliwa, ambayo viwanda vingi huitumia kuendesha mashine na vifaa vya mkono. Ni miongoni mwa njia ghali zaidi za kutumia umeme, kwa kuwa sehemu kubwa ya nishati huishia kuwa joto kwenye kompresa, yaani mashine inayoishindilia hewa, na katika mfumo usiotunzwa vizuri uvujaji peke yake unaweza kula asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inayozalishwa. Kupima uvujaji huo hakuhitaji uvumbuzi wowote. Mashine zote zinazotumia hewa huzimwa, kompresa ikaachwa iwake, kisha mtu akaandika inafanya kazi kwa dakika ngapi na inapumzika kwa dakika ngapi. Ikifanya kazi dakika 2 na kupumzika dakika 6, ilhali hakuna mashine hata moja inayotumia hewa, basi robo ya uwezo wake inapotelea kwenye matundu na viungio vilivyolegea. Jaribio lenyewe ni jepesi, lakini lazima lifanyike wakati uzalishaji umesimama, lirudiwe, kisha kila tundu litafutwe na kuwekewa alama. Linaahirishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu moja tu: kila aliyeajiriwa pale ana jukumu jingine linalomsubiri.

Ndivyo ilivyo pia kwa pampu na feni. Nguvu inayohitajika hufuata mchemraba wa kasi ya mzunguko, yaani kasi ikizidishwa kwa kasi na tena kwa kasi, kwa hiyo kasi ikipunguzwa kwa asilimia 20, mahitaji ya umeme hushuka hadi karibu nusu. Kanuni hii mwanafunzi yeyote wa uhandisi ameisoma darasani. Asichofundishwa vya kutosha ni kwamba haifanyi kazi kwa ukamilifu huo pale ambapo pampu inapandisha maji kwenda juu sana, kwa maana hapo nguvu nyingi hutumika kushinda kimo badala ya msuguano wa mabomba. Anayetaka kujua kiwanda fulani kipo upande gani hana budi kufunga mita na kukusanya vipimo vya wiki kadhaa. Kwa maoni yangu, kundi dogo la wanafunzi wenye msimamizi makini hulifanya jambo hili vizuri kuliko mshauri aliyekodiwa kwa siku mbili, na sababu ni muda, wala si kipaji. Shirika la Environmental Defense Fund la Marekani liliielewa hoja hii lilipoanza, mwaka 2008, kuwapeleka wanafunzi wa shahada za uzamili ndani ya kampuni wakati wa kiangazi, wakatafute mahali nishati inapopotea na kuandaa hesabu ya kuzuia upotevu huo.

Dhana: Kampuni inalijua tatizo lake, kazi ya wanafunzi ni kutafuta jibu

Kampuni inajua mahali inapoumia, na hilo si sawa na kulijua tatizo. Swali linaloletwa mezani kwa kawaida tayari lina jibu ndani yake: "Tusaidieni kuacha vifungashio vya plastiki." Wanafunzi wakilipokea jinsi lilivyo, watatumia muhula mzima kulinganisha karatasi na plastiki ya mimea, na huenda wasiulize kamwe kifungashio hicho kinafanya kazi gani. Kama kinalinda chakula kisiharibike, basi kwa vyakula vingi athari ya chakula kinachotupwa ni kubwa kuliko athari ya kifungashio chenyewe, na kifungashio chepesi zaidi kinachoruhusu bidhaa kuoza mapema kitakuwa kimeongeza madhara huku kikionekana safi.

Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya kutathmini mzunguko wa maisha ya bidhaa, kama vile ISO 14040 kilichochapishwa kwanza mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 2006, vinataka kwanza itajwe kazi ambayo bidhaa inafanya, kisha mipaka ya hesabu, ndipo vipimo vifuate. Kulinganisha mfuko mmoja na mfuko mwingine hakuna maana mpaka ijulikane kila mmoja utabeba mzigo mara ngapi kabla ya kutupwa. Mwanafunzi anayelazimika kuandika sentensi hiyo moja, akataja kazi, kiasi na muda, mara nyingi hugundua kwamba yeye na kampuni walikuwa wakizungumzia mambo mawili tofauti.

Mipaka nayo huficha mengi. Mwongozo wa kuhesabu gesijoto unaoitwa GHG Protocol, uliotolewa kwanza mwaka 2001, unagawa utoaji wa gesi hizo katika mafungu matatu: gesi inayotoka moja kwa moja kwenye boila na magari ya kampuni, ile inayotokana na umeme na nishati nyingine inayonunuliwa, na ile inayotokea kwingineko katika mnyororo mzima, kuanzia malighafi hadi bidhaa inapotupwa. Kwa kampuni nyingi fungu hilo la tatu ndilo kubwa kuliko mengine yote, lakini maswali wanayopewa wanafunzi huangukia zaidi mafungu mawili ya kwanza, kwa kuwa ndiko kwenye bili na mita zinazosomeka. Si kosa kuanza hapo. Ni kosa kuandika katika ripoti kwamba kampuni imepunguza athari zake, bila kusema ni sehemu gani ya athari hizo iliyohesabiwa.

Kwa hiyo wiki za kwanza zinazotumika kuliuliza upya swali ni sehemu ya kazi, tena sehemu yenye faida kubwa. Mhadhiri anayewaharakisha wanafunzi wafikie suluhisho ili kampuni isichoke kusubiri anaiondolea kampuni huduma ambayo isingeipata kwa urahisi kutoka kwa watu wake wenyewe, waliokwisha kulizoea swali la zamani.

Dhana: Hii ni kazi ya wahandisi na wanasayansi wa mazingira

Katika viwanda vinavyosuuza bidhaa au vifaa kwa hatua kadhaa, maji ya hatua ya mwisho huwa bado safi kiasi cha kutumika katika hatua ya kwanza ya mzunguko unaofuata. Kuchora bomba la kuyarudisha ni kazi ya mhandisi. Lakini kama vali inafunguliwa kwa mkono mwanzoni mwa zamu na kuachwa wazi hadi jioni kwa kuwa msimamizi hupimwa kwa idadi ya bidhaa peke yake, bomba jipya litaokoa maji kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na atakayeliona hilo ni mwanafunzi wa saikolojia ya kazi au wa utawala aliyekaa na wafanyakazi na kuwasikiliza. Wa uhasibu ndiye atakayejua kwamba gharama ya bomba ingelipwa na idara moja ilhali akiba ya maji ingeonekana kwenye vitabu vya idara nyingine, na wa sheria atauliza iwapo kibali cha maji taka kinaruhusu maji machache yenye uchafu mzito zaidi.

Dhana: Wanafunzi ni nguvu kazi ya bei nafuu

Kampuni inayoingia kwa hesabu hii huondoka imekata tamaa, na wanafunzi huondoka wametumiwa. Mradi una gharama zake: mfanyakazi mwenye mamlaka atenge saa kila wiki za kujibu maswali, takwimu zitolewe kwenye mifumo ambayo haikuundwa ili izitoe, mafunzo ya usalama yafanyike kabla mtu hajaingia kiwandani. Pasipo mambo hayo, wanafunzi hulazimika kukisia, na makisio yaliyowekwa kwenye jedwali zuri hubaki kuwa makisio.

Upande wa haki ni mzito zaidi. Mradi unaohesabiwa katika masomo lazima umfundishe mwanafunzi kitu na usahihishwe na mhadhiri kwa vigezo vya kitaaluma. Kazi ambayo kampuni ingemlipa mtu mwingine kuifanya, na ambayo haina somo ndani yake, kama vile kuingiza bili za miaka mitano kwenye kompyuta, ilipiwe. Siamini kwamba neno uendelevu linaweza kutumika kwa uaminifu juu ya mradi unaotegemea jasho lisilolipwa.

Dhana: Ukisaini mkataba wa usiri, kila kitu kinakuwa cha kampuni

Usiri na umiliki ni mambo mawili. Mkataba wa usiri humzuia mwanafunzi kutoa siri za biashara, kwa mfano kiasi cha uzalishaji au bei za wasambazaji. Peke yake hauhamishi haki miliki. Kwa kuwa mwanafunzi kwa kawaida si mwajiriwa wa kampuni, katika mifumo mingi ya sheria alichokibuni hakigeuki kuwa mali ya kampuni pasipo makubaliano ya maandishi yanayosema hivyo. Uingereza iliandaa mikataba ya mfano ya ushirikiano kati ya vyuo vikuu na biashara, maarufu kwa jina la Lambert, iliyoanza kutumika mwaka 2005, na faida yake ni kuonyesha kwamba umiliki unaweza kupangwa kwa namna zaidi ya moja. Jambo hili lizungumzwe kabla ya kazi kuanza, pamoja na muda ambao kampuni itapewa wa kusoma ripoti kabla haijachapishwa.

Dhana: Ushirikiano wa aina hii ni kampuni kujisafisha jina tu

Wanaosema hivyo wana sababu. Zipo kampuni zinazowapa wanafunzi suala la vikombe vya chai ofisini ilhali madhara yao makubwa yako kwenye mgodi au msitu. Hata hivyo shutuma hii haiwezi kutolewa kwa jumla, kwa sababu kuna mambo yanayoweza kuchunguzwa: je, swali linagusa shughuli kuu ya kampuni, wanafunzi wamepewa takwimu ghafi badala ya muhtasari uliokwisha kupambwa, na chuo kina haki ya kuchapisha matokeo yasiyoipendeza kampuni? Jibu likiwa hapana kwa yote matatu, chuo kikatae. Kukataa kunawezekana, na vyuo vinavyothamini jina lao vingepaswa kufanya hivyo mara nyingi zaidi.

Dhana: Mradi huisha siku ya kuwasilisha ripoti

Muhula una wiki chache, ilhali bajeti ya kampuni hupangwa kwa mwaka na mahitaji ya nishati hubadilika kwa majira. Kundi lililopima miezi mitatu ya baridi halijui lolote kuhusu viyoyozi. Njia inayofaa ni chuo na kampuni kukubaliana kwa miaka kadhaa, kila kundi likiandika mbinu zake za kupima, mahali mita zilipofungwa na mashaka yaliyobaki, ili kundi linalofuata liendeleze badala ya kuanza upya. Mwenye jukumu la utekelezaji ndani ya kampuni atajwe kwa cheo tangu mwanzo, na mapendekezo yaandikwe kwa lugha anayoitumia yeye: gharama ya kuanzia, akiba ya kila mwaka, muda wa kurudisha fedha, na nani atakayeguswa kazi yake itakapobadilika.

Hapa pia ndipo penye kosa la kudhani kwamba pendekezo lisilotekelezwa ni mradi ulioshindwa. Kundi linaloonyesha kwamba paa la ghala halihimili uzito wa paneli za jua, au kwamba maji yaliyosafishwa bado yana chumvi itakayoganda ndani ya boila, limeizuia kampuni isitumie fedha mahali pasipofaa, na matokeo hayo yanastahili alama sawa na yale ya kundi lililopata akiba. Kinachopaswa kukosolewa ni ripoti inayotaja akiba ambayo hakuna aliyerudi kuipima. Kwa hiyo ninapendekeza kundi la mwaka unaofuata lianze kwa kusoma mita zilezile, katika miezi ileile, na kugawa vipimo vyake kwa kiasi cha uzalishaji wa miezi hiyo, maana bili ikishuka kwa sababu kiwanda kimezalisha kidogo, hakuna nishati iliyookolewa.