Ufafanuzi: Kuinua Kichwa Hakumsaidii Mlenga Visahani
Katika makundi ya mtandaoni husambazwa tena na tena ujumbe unaodai kwamba anayelenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwa bunduki ya marisau (chembe ndogo za risasi zinazotoka kwa pamoja), anaweza kuinua kichwa kidogo ili akione kisahani vizuri, kwa kuwa marisau hutawanyika na kufidia kosa. Dai hilo si sahihi. Bunduki hiyo kwa kawaida haina kilengeo cha nyuma. Jicho ndilo linaloshika nafasi hiyo, na shavu lililotulia kwenye kitako (sehemu ya nyuma ya bunduki inayoegemezwa begani) ndilo linaloliweka jicho mahali pake. Jicho likipanda sentimita 1 tu, mtutu huelekea juu zaidi, na kwa umbali wa mita 30 kitovu cha mtawanyiko wa marisau hupita takriban sentimita 30 juu ya shabaha, ilhali kisahani chenyewe kina kipenyo cha milimita 110.

Anayetaka kuhakikisha, uwanjani na chini ya msimamizi, apige karatasi kubwa shavu likiwa kwenye kitako, kisha nyingine kichwa kikiwa kimeinuliwa, alinganishe matundu. Mkanganyiko hutokana na kisahani kinachopaa: aliyeinua kichwa hukipata mara mojamoja, kwa sababu kosa lake limeangukia kule kisahani kilikokuwa kikielekea. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwa wanaoanza kujifunza, maana tabia hiyo ikishazoeleka ni vigumu kuiacha.