Dhana potofu kuhusu vidokezo vya chemshabongo

Wapenzi wa chemshabongo za maneno hubishana sana juu ya vidokezo: kipi kitamu, kipi kinakera, kipi unakisahau kabla hata wino haujakauka. Katika mabishano hayo kuna kauli zinazorudiwa kana kwamba ni sheria. Nyingi si za kweli.

Dhana: Kidokezo kigumu ndicho kizuri.

Fumbo la kwanza la aina hii lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Kidokezo kimojawapo kilitaka jina la nyuzi za mti wa gomuti, na jibu lilikuwa DOH. Kigumu ni kigumu, lakini raha yake iko wapi? Ama unalijua neno, ama hulijui. Ukishaambiwa, huna cha kufurahia.

Sasa tazama hiki, ambacho namba yake katika mabano ni idadi ya herufi: "Hukaliwa jikoni, huchinjwa sikukuu (5)". Mtu anawaza kiti, anawaza kigoda, kisha anakwama kwenye kuchinjwa. Jibu ni MBUZI. Yeyote aliyewahi kukuna nazi analijua, na mtoto wa darasa la pili analijua. Ugumu hauko kwenye neno, uko kwenye njia ya kulifikia. Ukilipata, unarudi kukisoma kidokezo na kuona kwamba hakuna neno lililokaa bure. Utamu ni huo hasa: jibu ulikuwa nalo muda wote, mtunzi amekufanya tu uangalie upande mwingine.

Neno hilohilo lingeweza kupewa kidokezo "Mnyama wa kufugwa (5)". Inaweza kuwa mbuzi, inaweza kuwa punda. Unasubiri herufi za makutano, zile zinazoletwa na maneno yanayokatiza jibu, unajaza, unasonga mbele, na kesho hukumbuki chochote.

Dhana: Kwa kuwa ni fumbo, mtunzi ana ruhusa ya kudanganya.

Hapana. Ana ruhusa ya kupotosha, na kupotosha kuna mipaka. Uingereza, ambako vidokezo vya mafumbo vilikuzwa hadi vikawa sanaa kamili, mtunzi aliyejulikana kwa jina la Afrit aliweka kanuni mwaka 1949: si lazima mtunzi amaanishe anachosema, lakini ni lazima aseme anachomaanisha. Mwenzake Ximenes aliiendeleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1966. Kwa desturi hiyo, kidokezo huwa na sehemu mbili: maana ya jibu, ambayo hukaa mwanzoni au mwishoni, na mchezo wa herufi au maneno unaokufikisha kwenye jibu lilelile kwa njia nyingine.

Kiswahili kinaweza kabisa. "Alikopa kanga, ndani mna mla panya (4)". Ukikisoma haraka unaona habari ya mtu na deni lake la dukani. Kisome tena polepole: ndani ya "aliko-PA KA-nga" amejificha PAKA. Maana ipo, mahali pa kutafuta pametajwa, hata herufi zenyewe zimewekwa mbele ya macho yako. Anayeshindwa hapo hawezi kusema ameonewa.

Dhana: Kidokezo kirefu husaidia zaidi.

"Baharini hutembea upande, jikoni huunguza (3)". Maneno matano, majibu mawili yaliyokutana katika neno moja: KAA. Ongeza neno la sita, utaharibu.

Dhana: Kidokezo chenye majibu mawili ni kibovu siku zote.

Mara nyingi ndivyo, kama tulivyoona kwa mbuzi na punda. Lakini tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, New York Times lilichapisha fumbo la Jeremiah Farrell ambalo kidokezo chake kiliuliza habari kuu ya gazeti la kesho. CLINTON ilikaa sawasawa. BOBDOLE, yaani mpinzani wake Bob Dole, nayo ilikaa sawasawa, maana kila moja ina herufi saba. Vidokezo vyote vilivyokatiza hapo vilikubali herufi zote mbili: mnyama mweusi wa Halloween, kwa mfano, angeweza kuwa CAT, yaani paka, au BAT, yaani popo. Kuna wasomaji waliokasirika wakidhani gazeti limeshaamua mshindi. Huo ndio utata ninaoupenda, ule uliopangwa herufi kwa herufi.

Dhana: Kiswahili hakifai, maneno yake yote huishia kwenye irabu.

Irabu zina tatizo, ni kweli. Ukibaki na _A_A, inaweza kuwa baba, mama, kaka, dada, paka au taka. Katika lugha nyingine herufi mbili za makutano zingekuokoa. Kwetu zinakuacha palepale. Kwa hiyo makutano yakiangukia konsonanti, mjazaji amepata msaada wa kweli, na yakiangukia irabu tupu, kidokezo ndicho kinachopaswa kubeba mzigo wote.

Jambo linalosahaulika zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Ukiandika "Kinachokata nyama (4)", umeshatoa KI ya KISU bure. Ukiandika "Wanaofundisha", umetoa WA ya WALIMU. Watunzi wengi hawalitambui hili, kisha wanashangaa kwa nini fumbo lao limejazwa haraka mno. Dawa ni ile hu- ya mazoea, isiyofichua ngeli ya neno: hukata, hufundisha, huchinjwa. Vitendawili vya kale navyo vilijua kukwepa, kwa kuazima ngeli ya kitu kingine kabisa. "Nyumba yangu haina mlango" inazungumza kwa ngeli ya nyumba tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata silabi moja inayolichungulia yai.