Chumvi ndiyo inayoila cheni ya baiskeli yako

Mji wa Tanga ni tambarare, na baiskeli hapa inafanya kazi kutwa: maji, mkaa, wanafunzi, samaki. Ila kinachoimaliza mapema si mizigo, ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, nayo hushika unyevu juu ya chuma hadi kutu ianze. Ukikaa mitaa ya pwani kama Sahare au Raskazone, osha baiskeli kila wiki, hata kama haijaingia matopeni.

Kosa tunaloliona zaidi kwenye karakana ya chuo chetu ni kumwagia mafuta cheni chafu. Mafuta na mchanga vikichanganyika vinakuwa msasa, vinasaga pini kwa ndani. Oili chafu ya gari ndiyo mbaya kabisa, maana ina unga wa chuma kutoka kwenye injini. Tafadhali achaneni nayo.

Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni na mswaki wa zamani. Mashine ya kuoshea magari hapana: inasukuma maji hadi kwenye golori na kutoa grisi. Kisha futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, iache ikauke kabisa, ndipo utie tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedeli. Subiri kidogo, halafu futa nje pakauke. Mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo. Yanayobaki nje yanakusanya vumbi tu. Rimu na raba za breki zisiguswe na mafuta hata kidogo.

Ukitaka kujua kama cheni imechoka, chukua rula. Weka sifuri katikati ya pini moja. Cheni mpya itakuwa na pini nyingine kwenye inchi 12 kamili. Pini hiyo ikipita hapo kwa milimita 1.5, badilisha cheni. Ukingoja ifike milimita 3, cheni itakuwa imeshakula meno ya friwili (gia ya nyuma) na ya gia ya mbele, na hapo utanunua vyote.

Wanaobeba samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea wana shida ya pekee: maji ya tenga yanadondokea friwili moja kwa moja. Tandika karatasi ya nailoni nene chini ya tenga, ining'inie upande usio na cheni, na suuza gurudumu la nyuma jioni ileile, usingoje kesho.